Tarehe ya Bamba Namba Saba

Nani alilisugua Bamba Namba Saba?

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi chini ya turubai hili, mtusamehe kwa kuuliza kabla ya kusalimu, lakini ndivyo marehemu mwenyewe alivyokuwa akifanya, kwa miaka kumi na tisa na miezi minane, kila watu walipokusanyika mezani kwake, iwe sikukuu, iwe mtu amepita tu kuazima ngazi, alisubiri chai imiminwe, akashusha miwani hadi ncha ya pua, akauliza, "Nani alilisugua?" na wageni wasiomjua walidhani anazungumzia sufuria. Familia imeona swali hilo litangulie, likae hapa mbele yetu, halafu tufuate utaratibu uliozoeleka, kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, watoto, maradhi na kifo, utaratibu ambao marehemu angeupenda, kwa maana alikuwa mtu wa tarehe, na karatasi isiyo na tarehe kwake haikuwa karatasi, ilikuwa ya kufungia karanga. Anayesoma ni binti yake mkubwa, aliyepewa kazi hii kwa kuwa ndiye aliyekaa sana chuo kikuu, kana kwamba huko hufundishwa namna ya kumzika mtu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari 1947, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha tatu kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa baba mchochea tanuri na mama aliyefua sare za kiwandani, upande ule wa mtoni ambako moshi huangukia, ukianika shuka jeupe asubuhi jioni unaanua la kijivu, na mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alikohoa kwanza ndipo akalia. Alipokuwa na miaka sita alimwuliza baba yake kwa nini shaba inayotoka kiwandani hung'aa, na ileile ikiwa sufuria ukutani kwao hugeuka nyeusi, baba akamjibu kuwa shaba nayo huchoka kama watu, jibu ambalo mtoto alilikataa palepale, akachapwa kwa kulikataa, na hakulikubali hata baada ya kuchapwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1955 na kumaliza Desemba 1961, akaendelea na sekondari kuanzia 1962 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha ufundi wa maabara tarehe 30 Novemba 1968. Historia za namna hii husema marehemu aling'ara darasani, lakini ripoti zake tunazo kwenye sanduku, katika hisabati alikuwa wa kumi na tisa kati ya wanafunzi thelathini na wawili, na mwalimu wa sayansi aliandika chini kwa wino mwekundu, "Ana maswali mengi kuliko madaftari."

Tarehe 1 Machi 1969 aliajiriwa na Idara ya Simu kama fundi wa maabara, katika jengo la ghorofa nne lililotazamana na dohani la kiwanda, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kueleza kwa nini simu za mji huu zilikuwa zikikatika katikati ya neno, watu wakagombana na ndugu zao kwa mambo ambayo hawakuambiana. Wakubwa waliamini ni uvivu wa mafundi, marehemu akafungua mitambo na kuwaonyesha ncha za shaba zilizovaa weusi kama masizi, akawaambia kosa liko hewani. Jambo lenyewe, kwa ufupi ambao yeye aliuchukia, ni hili, shaba ikikaa kwenye hewa kavu, hata moshi ukipita, haibabaiki sana, na ikikaa kwenye unyevu ulio safi inafifia taratibu tu na kuwa ya kahawia, lakini unyevu ukipanda kupita sabini katika mia, juu yake hutanda utando wa maji mwembamba ambao jicho halioni wala kidole hakihisi, na moshi wenye salfa ukiukuta utando huo huyeyuka ndani yake ukawa tindikali, hapo ndipo shaba huanza kuliwa, inakuwa ya kahawia, kisha nyeusi, na baada ya miaka mingi, kijani. "Moshi peke yake ni mpole, na unyevu peke yake ni mpole," alikuwa akiwaambia watoto wake mezani kabla hawajajua hata kufunga kamba za viatu, "balaa ni wakikutana," na mke wake akadakia, "Kama wifi zangu wawili."

Mwaka 1971 aliletewa mwenzake, mpimaji aliyepewa jina la Mizani kwa sababu alikuwa akiweka bahasha kiganjani na kukuambia kama ina karatasi moja au mbili, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuonekana mmoja bila mwingine, hata watoto wa marehemu wakamwita Mizani baba mdogo pasipo kuambiwa na mtu. Walijiwekea sheria ambayo hawakuivunja kwa miaka thelathini na mitatu, kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi watapanda juu ya paa wote wawili, mmoja atasoma rangi na mwingine ataandika, ili jicho linalotamani jibu lisishike kalamu. "Limepata kijani," marehemu aliweza kusema, na Mizani asiandike, akauliza, "Limepata kijani au umeamka vizuri leo?" na marehemu akavaa miwani upya, akainama tena, na mara nyingine akakiri kwamba ndiyo, alikuwa ameamka vizuri.

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1986, walifunga juu ya paa hilo mabamba saba ya shaba safi, kila moja kubwa kama daftari la shule, yameinamishwa kulielekea dohani, la kwanza lishushwe baada ya mwaka mmoja, la pili baada ya miwili, kisha minne, saba, kumi na kumi na tano, na la mwisho, Bamba Namba Saba, lenye uzito wa gramu 134.402, likae miaka ishirini kamili. Yale mengine yalishushwa kwa zamu, yakaoshwa kutu yote na kupimwa kilichobaki, lakini la saba halikuguswa, halikufutwa hata vumbi, wala kinyesi cha njiwa, kwa sababu marehemu alikuwa amegundua kwamba ile ngozi ya kijani, ambayo mpita njia angeiita uchafu, ndiyo inayoikinga shaba iliyo chini yake, mwaka hadi mwaka inaliwa kidogo zaidi, na alitaka kujua, akifika mwaka wa ishirini, je, inafika mahali ikaacha kabisa kuliwa. Ni hilo tu alilolitaka duniani, ndugu zangu, na hakuwahi kutaka cheo.

Tukirudi nyuma kidogo, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1973, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amekuja ofisini kulalamika kwamba simu ya shule inameza maneno yake, akajibiwa kwa saa nzima habari za salfa, akasema baadaye kwamba aliolewa ili apate kumaliza kulalamika. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1975, fundi wa majokofu, wa pili binti, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1979, huyu mnayemsikia, na kitinda mimba, naye binti, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1984, muuguzi. Mke wa marehemu aliishi na lile bamba kama wanawake wengine wanavyoishi na mama mkwe, kwa utani wenye ncha, na kila marehemu alipochelewa kushuka alisema, "Siku moja nitapanda huko na majivu na ndimu, nilisugue hilo bamba lenu mpaka ling'ae kama sufuria, nione kama kuna mtu atanitazama na mimi hivyo," marehemu akajibu, "Ukilisugua nahama," naye akasema, "Uhamie wapi, na soksi zako hujui ziko wapi?"

Mama huyo aliugua miezi saba, akafariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 12 Agosti 2004, saa kumi na moja na robo jioni. Katika kikao cha familia ilipendekezwa sehemu inayofuata iachwe, kaka yetu alisema wafu wasitiriwe, lakini binti mkubwa hana uvumilivu na sitara ya namna hiyo, na marehemu hakuwa nao pia, kwa hiyo isemwe kwamba mke alipokuwa akikata roho mume hakuwepo, alikuwa amemwambia muuguzi anatoka nusu saa, akaenda kupanda juu ya paa, akakaa huko saa mbili na nusu mbele ya Bamba Namba Saba, hadi simu ilipoingia katika chumba cha mitambo na mtu akatumwa ngazi zote nne kumwita. Miaka mingi baadaye alieleza, bila kuulizwa, kwamba alishindwa kuhesabu pumzi zilizokuwa zikiachana, akaenda mahali ambapo alijua hakuna kitu kitakachobadilika mbele ya macho yake. Wodini alikuwa binti mkubwa, peke yake, ameshika mkono ambao ulikuwa ukipoa, na baba yake alipoingia binti hakumwambia neno, wala siku ya mazishi, wala siku zilizofuata, akaosha vyombo vya waombolezaji tu.

Jumatatu ya tarehe 6 Septemba 2004, marehemu akiwa amerudi kazini, yeye na Mizani walipanda kama kawaida, na Bamba Namba Saba lilikuwa jekundu. Kijani cha miaka kumi na minane kilikuwa kimesuguliwa chote, shaba inang'aa kama siku ilipofungwa, imejaa mikwaruzo ya duara, duara, kama ya mtu anayesugua chungu. Marehemu alikaa chini, kwenye sakafu ya paa, na suruali ya kazini. Mlango wa paa ulikuwa na funguo mbili, mmoja kiunoni kwa Mizani, mwingine kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko la marehemu, na yeye mwenyewe alikuwa ameliona bamba likiwa la kijani siku ile mkewe alipofariki, kwa hiyo akapiga hesabu yake, na kwa mara ya kwanza maishani akaisoma na kuiandika hesabu mwenyewe.

"Mimi sijaligusa, Bwana Kutu," Mizani alisema, maana ndivyo alivyomwita.

"Funguo ni mbili, Mizani. Wangu ulikuwa msibani."

Mizani akalifungua lile bamba kwenye fremu yake, akashuka nalo hadi maabara, akalipima, akaandika gramu 129.617, akalirudisha paa, akaweka penseli juu ya daftari, akaondoka, na huo ndio ukawa mwisho wa maneno kati yao. Idara ilimwandikia barua ya onyo na kumhamishia ghala la nguzo, alikokaa hadi alipostaafu mwaka 2009, mtu aliyeweza kupima karatasi kwa kiganja, akilinda miti. Wapo watakaowaambia kwamba marehemu hakuhusika na barua ile. Saini ni yake, tumeiona.

Ripoti ya mabamba ilitoka Oktoba 2006, kurasa arobaini na moja, na mstari wa saba wa jedwali la mwisho una neno moja, "Limeharibiwa." Marehemu alistaafu tarehe 28 Februari 2007, akaomba apewe bamba lile, akalifunga nje ya dirisha la chumba chake cha kulala, mita mia nne kutoka dohani lilelile, akafungua daftari jipya, na ukurasa wa kwanza unasomeka hivi, "Bamba Namba Saba, mara ya pili. Uzito wa kuanza, gramu 129.617. Tarehe ya kuanza," halafu vinukta mpaka pembeni ya karatasi. Hakujaza. Angeweza kuandika Agosti au Septemba, nani angemwuliza, lakini lilisuguliwa ndani ya siku ishirini na tano asizozijua, na kubahatisha hakukuwemo katika damu yake. Na mtazame jambo hili vizuri, kwa miaka yote hiyo aliijenga kazi yake upya juu ya tarakimu moja, tarakimu iliyoandikwa na Mizani, asubuhi ileile aliyomwita mwongo, wala hakuna siku aliyoitilia shaka.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliweka viti viwili chini ya dirisha, na vikombe viwili, akasoma rangi, akaandika, kisha pembeni akaongeza maneno haya, ambayo tumeyahesabu katika daftari mara mia na tisini na nne, "Nimesoma na kuandika mwenyewe. Haifai." Kinyozi wake alikuwa nyumba ya tatu kutoka hapa, lakini alianza kunyoa ng'ambo ya reli, kwa sababu njia ya huko hupita mbele ya geti la Mizani, alipita polepole akienda na polepole zaidi akirudi, na nywele zenyewe hakuwa nazo. Mwezi Machi 2015 walikutana kwenye foleni ya kliniki ya macho, watu wawili katikati yao, dakika arobaini bila salamu, hadi Mizani alipouambia ukuta, "Leo ni themanini na mbili," na marehemu akaja mbio nyumbani, akatazama kipimo chake cha unyevu, kikasema themanini na mbili, na jioni ile hakumaliza chakula.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021, alilazwa mara ya kwanza tarehe 8 Novemba 2023, akarudi nyumbani na mtungi wa oksijeni, akaomba kitanda kigeuzwe kielekee dirishani. Binti mkubwa alichukua likizo akahamia hapa, akawa anasoma yeye, marehemu anaandika, miezi mitano, na katika miezi hiyo pembeni mwa daftari hamna "Haifai." Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024.

"Rangi?" marehemu aliuliza.

"Kijani, robo ya chini, pale umande unapoganda."

"Kijani, au unamfurahisha mgonjwa?"

"Kijani, Baba."

Akaandika, herufi zikiteremka kwenye mstari, akasema Mizani angejua kama ni robo au thuluthi, kisha akauliza lile swali lake, safari hii bila chai na bila kushusha miwani, kwa sauti ya mtu anayeulizia alikoweka kitu, "Nani alilisugua?" na binti yake akamjibu, "Lala, Baba."

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, unyevu ukiwa themanini na nane katika mia, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliovumilia kusahihishwa vipimo vyao na mgonjwa, inamshukuru jirani wa kushoto, aliyeacha kuchoma takataka tangu mtungi wa oksijeni ulipofika, pamoja na wastaafu wenzake wa Idara ya Simu, waliochimba kaburi kwa mikono iliyozoea nyaya. Na inamshukuru Mzee Mizani, aliyekuja jana mchana bila kuitwa, akakataa chai, akauliza tu dirisha liko upande gani, akasimama hapo nje mikono nyuma, na ambaye yuko kiti cha mwisho karibu na geti, kama mtu anayetaka kuondoka kabla ya kuonekana.

Ulale salama sasa, Baba, moshi umekuachia.

Karatasi imeishia hapo, hiyo ndiyo waliyoipitisha kaka na mdogo wangu, lakini daftari liko mkononi na vinukta havijajazwa. Baba mdogo, usiondoke kwanza. Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Agosti 2004, saa nne na nusu asubuhi, nyumba ikiwa imejaa watu, ufunguo ulitolewa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, mlinzi wa jengo akasema pole, mwanangu, akafungua mlango wa chini, maana aliambiwa kuna sweta la mzee limesahaulika huko juu. Lilitumika bakuli moja la majivu na ndimu tatu, ikachukua saa nzima na dakika kumi. Mama alikuwa ameahidi kulisugua, hakuwahi, na mimi nilitaka Baba akipanda tena apakose pale mahali pake, kama sisi tulivyomkosa yeye wodini. Kwa tarehe hiyo, miaka ishirini inatimia Jumatano, tarehe 21 Agosti mwaka huu, na bamba linahitaji mtu wa kulipima, utasoma wewe nitaandika mimi, ukikubali, na usipokubali nitaelewa. Hukuligusa, Baba mdogo. Nililisugua mimi.